Kumwaga karoti porini ili umpige kulungu: Michigan marufuku, Texas ruksa. Wakuu mnaonaje?

#1 Mti Mkavu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Niko Lansing, Michigan, mwaka wa kumi na moja sasa. Huku ikifika Novemba 15 ni kama Idi na Krismasi zimeangukia siku moja. Msimu wa bunduki unafunguliwa, kuna shule zinafungwa kabisa, na kazini kwetu nusu ya zamu "inaumwa". Wanaomwinda ni kulungu mkia mweupe. Najua kuna mtu atakuja kuniambia kulungu ni yule wetu wa vichakani mwenye madoa, wengine humwita pongo. Sawa. Huyu wa huku ni mnyama mwingine, pembe zake zina matawi, zinaanguka kila mwaka na kuota upya. Ila jina jingine sina, na "ayala" limekaa kizaburi mno.

Mwaka 2018 mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi alinichukua kwenda kwenye kipande chake cha msitu, kaunti ya Clare. Njiani tukasimama kituo cha mafuta. Nje, pembeni ya mafungu ya kuni, yamepangwa magunia ya karoti. Karoti zenyewe zimepinda, nyingine zina miguu miwili kama mtu, zile ambazo duka la chakula haliwezi kuzipokea. Kuna biti za sukari, matufaha yaliyopondeka, mahindi ya punje. Nikamuuliza mzee hapa kuna mifugo mingi kiasi gani? Akacheka mpaka akakohoa. Ni chambo. Chambo cha kulungu.

Sheria wakati ule ilisema usizidishe galoni mbili kwa sehemu moja, yaani kama lita saba na nusu, na uzitawanye, usirundike. Mzee alikuwa na ndoo ya rangi ya nyumba, kaichora mstari kwa ndani. Akajaza mpaka kwenye mstari, akamwaga, tukapanda dunguni. Dungu ni lilelile la kulindia ndege shambani, ila hili lina kiti kilichong'olewa kwenye gari na hita ya gesi.

Saa kumi na nusu jioni akatokea jike mkubwa. Akasimama ukingoni mwa miti dakika nzima ananusa, akapiga mguu chini, akasubiri, akapiga tena. Halafu akaingia, na nyuma yake wengine, jumla sita. Walikuwa mita kama ishirini na tano hivi, na mimi nina darubini. Jike anaokota karoti, anatafuna nusu, nusu inadondoka na uzi mrefu wa mate. Mtoto wake anaiokota ileile. Mmoja anafukuzwa kwa kwato, anazunguka mti, anarudi kuweka pua palepale. Pua sita kwenye eneo la mkeka mmoja. Mzee akampiga dume mchanga, akaanguka hapohapo. Usiku ule tulikula ini na vitunguu, tamu kuliko la mbuzi, sidanganyi.

Januari 31, 2019 chambo kikapigwa marufuku rasi yote ya chini ya Michigan. Jimbo hili ni rasi mbili. Ya chini ndiko tuliko wengi, ya juu iko ng'ambo ya daraja la Mackinac, na huko juu mpaka leo ukitaka kumwaga galoni zako mbili unamwaga. Sababu iliyotolewa ni CWD, ugonjwa wa kulungu unaotoboa ubongo ukawa kama sifongo. Hapa jimboni ulionekana kwa kulungu wa porini mara ya kwanza 2015, tena jirani na mimi kabisa, Meridian, kaunti ya Ingham.

Mzee alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kijinga. Aliniambia: "Jirani yangu kapanda klova, yale majani ya malisho, na tenipu ekari mbili katikati ya msitu. Hajawahi kuvuna hata jani. Mwisho wa shamba kaweka dungu. Yeye ni mkulima. Mimi na ndoo yangu ni mhalifu." Na ni kweli wakuu, sheria ndivyo ilivyo. Shamba ulilolipanda si chambo. Mti wa tufaha ukidondosha matunda wenyewe, kaa chini yake na bunduki. Ukiyaokota matunda hayohayo ukayasogeza mpaka mbele ya dungu lako, tayari una kesi.

Hapa watu wamegawanyika mpaka ndani ya familia. Upande mmoja wanaongelea kitu wanachokiita "uwindaji wa haki", kwamba mnyama awe huru na mwindaji asijipe upendeleo uliopitiliza. Wazo hilo lilisukumwa na klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, aliyoianzisha Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwaka 1887. Upande mwingine wanasema nimelipa leseni, ardhi yangu, karoti zangu, nitolee hadithi.

Mimi hoja ya haki kwa mnyama sijawahi kuielewa vizuri. Una bunduki inayofika mita mia mbili. Una kamera porini inayokutumia picha kwenye simu ukiwa kitandani. Una mkojo wa jike kwenye chupa, umenunua dukani. Halafu karoti ndiyo imevunja heshima? Lakini kila nikikumbuka ile jioni siwazi aliyepigwa. Nawawaza wale watano walioondoka, kila mmoja na mate ya wenzake mdomoni.

Mnasemaje?

#2 kijiwe namba 7

Mkuu umenitamanisha ini saa nne usiku. Naweka kambi hapa.

#3 Chui wa Rungwa

Mleta uzi umegusa kazi yangu. Nimekaa kwenye vitalu vya uwindaji hapa Tanzania miaka mingi, nikianzia mfuatilia nyayo mpaka kuwa mwindaji bingwa. Chambo kwetu si kashfa. Chui humpati bila chambo. Unaning'iniza paja la pundamilia au swala pala juu ya tawi, mahali ambapo anga itakuwa nyuma yake jua likizama, unajenga kibanda cha majani, unakaa kimya mpaka masikio yanalia yenyewe.

Na hapo ndipo watu wasiowinda hawaelewi. Chambo kinakupa MUDA. Kwa chui inabidi uhakikishe ni dume. Akiwa anapita nyasini una sekunde mbili, utajuaje? Akiwa amelala juu ya tawi anakula, unamtazama shingo, kichwa, mapumbu, unajiridhisha. Nimewarudisha wageni kambini mikono mitupu mara nyingi kwa sababu aliyekuja ni jike. Hata risasi yenyewe: mnyama aliyesimama anakula hufa vizuri kuliko anayekimbia. Kufuatilia chui uliyemjeruhi gizani simuombei adui yangu.

Ila tofauti ipo, niseme ukweli. Chui anakuja peke yake. Hali na ukoo mzima sahani moja.

#4 Pwani Asilia

Kwetu sisi swali linakuja hivi: umesema bismillahi wakati wa kufyatua? Umewahi kumchinja akiwa bado ana roho? Karoti haimo kwenye fiqhi ya uwindaji, hahaha. Lakini kumdhuru mnyama usiye na haja naye, hilo limo. Hoja ya "watano walioondoka" imenikaa.

#5 Daktari wa Ng'ombe

Naomba niingie kitaalamu kidogo, mtanisamehe.

CWD hailetwi na bakteria wala virusi. Inaletwa na prioni, ambayo ni protini ya mwili iliyojikunja vibaya na kuzikunja nyingine. Iligundulika kwanza 1967 kwenye kituo cha utafiti Fort Collins, Colorado, na ilipofika 1978 ndipo wakatambua ni jamii moja na magonjwa ya ubongo sifongo. Kulungu aliyeambukizwa anaweza kukaa mwaka na nusu, miaka miwili, anaonekana mzima kabisa, na muda huo tayari anaitoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Baadaye anakonda, anadondosha mate, kichwa kinainama, anakufa. Hakuna chanjo wala dawa, na hakuna anayepona.

Kibaya zaidi ni udongo. Prioni inashikana na udongo na inabaki hapo kwa miaka. Kwa hiyo ile sehemu ya mkeka mmoja aliyoieleza mleta uzi, hata karoti zikiisha, hata theluji ikiyeyuka, pale pameshakuwa hori la ugonjwa. Wanorwei waliipata CWD kwa reindeer (jamaa ya kulungu wa nchi za baridi) wa porini 2016, ya kwanza Ulaya, eneo la Nordfjella. Waliamua kumaliza kundi zima, wanyama zaidi ya elfu mbili. Na moja ya vitu vilivyowatia wasiwasi ni sehemu za chumvi walizowekewa kondoo, ambazo reindeer nao walikuwa wanakuja kuramba.

Michigan walishapata funzo kabla ya CWD. Kona ya kaskazini mashariki ya rasi ya chini ina kifua kikuu cha ng'ombe ndani ya kulungu wa porini, kilijitokeza 1994. Ugonjwa ule kwa kawaida haujishikilii wenyewe porini. Huko ulijishikilia kwa sababu kulungu walikuwa wengi mno na watu walikuwa wanawalisha milima ya viazi na biti msimu wa baridi. Baadaye ukarudi kwa ng'ombe wa wafugaji, ndipo kelele zikaanza. Kwetu mfugaji yeyote anajua: ng'ombe mgonjwa humpeleki kwenye hori la wenzake.

#6 Dereva wa Houston

Mimi naona wa Michigan mnajitesa. Huku Texas mahindi ya kulungu yanauzwa kila kona, kwenye vituo vya mafuta, kwenye maduka ya zana. Watu wana mapipa yenye miguu mitatu na kimota kinachozunguka: saa kumi na mbili asubuhi kinarusha punje, jioni kinarusha tena. Kulungu wanakisikia kile kimota wanakuja mbio kama watoto wamesikia kengele ya barafu. Na ni halali kabisa kwenye ardhi binafsi, na Texas karibu yote ni ardhi binafsi. Huna shamba, unakodi haki ya kuwinda kwa mwenye ranchi. Wengine wamezungushia uzio wa futi nane.

Niliwahi kupeleka mzigo wa mahindi hayo kwenye ranchi moja. Mwenyewe akaniambia bila mahindi, kwenye vichaka vile vya miiba, utakaa wiki hujaona hata mkia. Ukipaona utamwelewa.

#7 Mti Mkavu (mleta uzi)

Dereva, na CWD mnayo pia. Texas iliipata 2012 milima ya Hueco, halafu 2015 ikatokea kwenye kulungu wa kufugwa kaunti ya Medina. Lakini nakubali, mazingira si yaleyale, na kila jimbo hapa lina sheria yake kwa sababu wanyamapori ni mali ya wananchi wa jimbo. Serikali ya Washington inaingia kwenye ndege wanaohama, na kwa bata wao chambo kilikatazwa tangu 1935. Minnesota kwa kulungu wamekataa tangu 1991. Ohio ruksa. Georgia walifungua jimbo zima 2018. Alabama ndio wamenifurahisha: 2019 walianzisha leseni maalum ya chambo, dola 15 kwa mwenyeji. Yaani dhambi ileile, ukiwa na risiti imekuwa halali. CWD ilipowafikia 2022, kwenye eneo la ugonjwa leseni hiyo ikawa haifanyi kazi. Wisconsin nao wanafunga kaunti kwa kaunti: ukipatikana ugonjwa, miaka mitatu hakuna kulisha wala chambo, na kaunti jirani iliyo karibu miaka miwili.

#8 Nyayo Mbichi

Mnazunguka mbuyu. Hili jambo la "uwindaji wa haki" lina historia na sisi.

Huyo Roosevelt wa klabu ya heshima alikuja Afrika Mashariki 1909. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe. Mia tano na kumi na mbili! Baada ya hapo mwaka 1933 mataifa ya kikoloni yakakaa London yakaandika mkataba wa kulinda wanyama, na ndani yake yakakatazwa nyavu, mashimo, mitego na sumu. Nyavu na mashimo vilikuwa vya nani? Babu zetu. Bunduki ya bwana mkubwa ilikuwa ya nani? Kwa hiyo babu yangu aliyekuwa anachimba shimo kwenye njia ya nguruwe mwitu akaitwa jangili, na mwenye bunduki akaitwa mwanamichezo. Leo Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, na kwetu mwananchi akikamatwa na digidigi habari yake mnaijua.

Kwa hiyo nikisikia Mmarekani anamwambia Mmarekani mwenzake "chambo si uungwana", mimi nauliza, uungwana wa nani? Yule mwenye ekari mbili za klova ndiye muungwana. Mwenye ndoo ni mhuni. Hii ni habari ya wenye ardhi na wasio na ardhi.

#9 Chui wa Rungwa

Nyayo umenena, shimo na waya nimeviona. Ila usiutetee waya mkuu. Nimekuta twiga mwenye waya umeingia mpaka mfupani, anatembea. Waya hauchagui wala haukagui.

Na sheria yetu nayo ina kitu cha namna hii: hairuhusu kumvizia mnyama karibu na dimbwi la kudumu au mahali pa kuramba chumvi. Hakuna aliyemwaga kitu pale, ni Mungu kaweka, na bado imekatazwa. Nadhani wazo ni kwamba mwenye kiu asiviziwe.

#10 Mama Kivu GR

Bonjour ba ndugu. Miye niko Grand Rapids. Jirani anatuleteaka nyama ya kulungu kila mwaka, tunapikaka na sombe, watoto wanapenda. Sasa munanitia woga. Ile ugonjwa inaingia kwa mutu? Nikipika sana inakufa?

#11 Mti Mkavu (mleta uzi)

Mama, mpaka sasa hakuna mtu hata mmoja aliyethibitika kuugua CWD kwa kula kulungu. Lakini kupika hakuui prioni, wala kukausha, wala friza. Kwa hiyo ushauri wa mamlaka za afya ni mmoja: kulungu akitoka eneo lenye ugonjwa apimwe, na akikutwa nao nyama isiliwe. Mwulize jirani kampiga kaunti gani na kama alipeleka kichwa. Wanapima tezi za nyuma ya koo. Na ubongo, uti wa mgongo na bandama achana navyo hata kama majibu ni mazuri. Sombe endelea nayo.

#12 Mama Kivu GR

Aksanti sana. Nitamuuliza kesho.

#13 Mkimya Tu

Sijaona mtu akiuliza kama hicho chambo kinafanya kazi. South Carolina kwa miaka mingi upande wa pwani uliruhusu na upande wa juu ulikataza, na watu wa idara ya wanyamapori wakalinganisha. Kule kusiko na chambo waliua kulungu wengi zaidi kwa ukubwa wa eneo na kwa saa chache zaidi. Kulungu si mjinga. Akishajua karoti zipo, anakuja saa saba usiku wewe ukiwa umelala. Mchana anakaa kichakani anacheua. Mnanunua magunia kulisha kulungu wa usiku.

#14 Dereva wa Houston

Hahaha. Na raccoon. Usisahau raccoon, wale wanakula nusu ya gunia.

#15 Daktari wa Ng'ombe

Niongeze upande wa pili ili nisionekane nimeegemea. Wanaopinga marufuku wana hoja moja nzito. Ukimtoa mzee porini kwa sababu umemnyima chambo, hanunui leseni tena. Wawindaji wakipungua, kulungu wanaongezeka, na msongamano nao unasambaza ugonjwa. Sehemu kubwa ya fedha ya uhifadhi Marekani inatoka kwa hao hao, kwa leseni na kwa kodi ya silaha na risasi iliyoelekezwa huko kwa sheria ya 1937. Sina jibu jepesi hapo. Najua tu kwamba bila chambo bado watakutana, wao ni wanyama wa kundi, wanalambana. Tunachoweza ni kupunguza.

#16 Mti Mkavu (mleta uzi)

Ndiyo vita iliyofika mpaka bungeni hapa. Michigan 1996 wananchi walipiga kura kwamba namna ya kuwinda iamuliwe na tume ya maliasili, kwa kufuata sayansi. Tume hiyo ilishafunga chambo 2008 baada ya kulungu mmoja wa kufugwa kaunti ya Kent kukutwa na CWD, ikafungua 2011, ikafunga tena 2019. Wabunge wakachoka wakapitisha sheria ya kufungua. Gavana Whitmer akaikataa 2020. Kilichobaki ni mlango mdogo: wenye ulemavu wanaokidhi vigezo wanaruhusiwa chambo kwenye siku zao maalum.

Na Nyayo, ule mfano wa ndoo na klova nimeulala nao siku mbili. Una haki. Sheria inamgusa asiye na trekta kabla ya mwenye trekta. Lakini kwenye ekari mbili kulungu wametawanyika, kila mmoja na jani lake. Kwenye ndoo wanakula mdomo kwa mdomo. Natamani sheria ingesema hivyo waziwazi na kuacha kuhubiri uungwana. Mzee angenuna, ila angeelewa.

Nyonga yake imeharibika, sasa hapandi dungu. Mwaka huu aliniachia msitu nikae peke yangu chini ya mwaloni unaodondosha njugu zake bila kuulizwa na bwana nyama. Siku tatu sikuona kitu. Ya nne, jike.

#17 kijiwe namba 7

Mrejesho mkuu! Ini je?

#18 Mti Mkavu (mleta uzi)

Kichwa nilikipeleka kwenye sanduku la kukusanyia, nikapewa kipande cha karatasi chenye namba. Ini likakaa kwenye friza siku kumi na mbili. Kila usiku nafungua tovuti naingiza namba, "bado". Mke wangu akaanza kulizunguka lile friza kama lina nyoka.

Jana jioni: haukugundulika. Nimemkatia mzee paja zima nikampelekea. Ini nimelikaanga na vitunguu kama 2018. Limekauka kidogo kwa barafu. La mwaka ule lilikuwa tamu zaidi.